Mwalimu Aliyeondoa Saa Ukutani

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Mwenye sufuria jikoni apunguze moto. Aliye kazini ajifanye anasoma karatasi, mkubwa wake asimshtukie. Leo tunamkumbuka mwalimu wa historia. Alifundisha miaka thelathini na sita, akastaafu, akakaa nyumbani miaka mitatu, na mwezi uliopita akaugua siku nne na kufariki. Wanafunzi walimwita Mwalimu Msimamo. Jina hilo lilimganda mpaka barua za ofisini zikawa zinamfikia nalo, na yeye anazipokea bila kununa.

Mnivumilie, leo sauti yangu ina ukali. Nina hasira. Nimemkasirikia marehemu, jambo ambalo kwa kawaida halisemwi redioni, na nimewakasirikia walio hai, nikianza na mimi mwenyewe.

Mimi nilianza vibaya. Jumanne binti yake wa pekee alikuja hapa studio. Ni mtu mzima wa miaka arobaini, karani wa masjala hospitalini. Ukifika na maumivu yako, yeye ndiye anayekaa nyuma ya dirisha dogo na kulitafuta faili lako. Nikampa ukurasa niliouandaa. Nilikuwa nimeandika kwamba marehemu alikuwa mchapakazi, mpenda watu, mcheshi, mlezi wa wengi. Akausoma wote, taratibu, kidole kikifuata mistari, kisha akauweka mezani.

"Hii ni ya nani?" akauliza.

"Ya mama yako, dada."

"Inaweza kuwa ya dereva wenu. Inaweza kuwa ya jirani yangu, na yeye bado yu hai. Msimamo wako uko wapi?"

Nikauchana ukurasa mbele yake, akaitikia kwa kichwa, tukaanza upya. Kwa hiyo msimamo wangu nautoa sasa hivi, mwanzoni, kama Mwalimu alivyotaka. Mwalimu Msimamo alifanya kosa moja kubwa katika kazi yake. Kosa hilo lilimwangukia binti yake. Na kwa miaka ishirini na miwili binti alisubiri neno moja tu, "nilikosea," na hakulisikia. Shikeni hapo, maana mengine yote yanatoka hapo.

Sasa, kwa wale ambao shule imewatoka kichwani, nieleze kazi yenyewe. Katika mtihani wa historia kuna insha ya nyaraka. Mwanafunzi anapewa swali na nyaraka saba. Kipande cha barua, hotuba, picha, orodha ya majina, mambo ya namna hiyo. Anatakiwa achukue msimamo, yaani aseme kwa sentensi moja jibu lake ni lipi na kwa nini, halafu autetee kwa ushahidi wa zile nyaraka. Muda ni saa moja na nusu. Asiyechukua msimamo anaanguka. Anayezinakili tu nyaraka anaanguka pia.

Na watoto walikuwa wananakili, jamani! Wakishindwa kunakili, wanaanza na ule mwanzo wa kukariri ambao mwalimu mmoja aliutoa kopi na kuubandika kila darasa: "Tangu zamani za kale, binadamu amepitia mabadiliko mbalimbali." Swali linahusu vita, binadamu amepitia mabadiliko. Swali linahusu shamba la pamba, binadamu yuleyule, mabadiliko yaleyale. Mwalimu Msimamo alikuwa akiikuta sentensi hiyo mara thelathini katika rundo moja la daftari. Kalamu nyekundu ilikuwa inatoboa karatasi. Binadamu gani? Zamani ipi? Mabadiliko gani? Binti yake anakumbuka akimsikia mama yake akigombana na daftari mezani peke yake, "Lo! Huyu naye!" kama vile mwenye daftari yumo chumbani.

Dawa yake ilikuwa hii. Siku ya kwanza hakufungua kitabu. Aliwapa nyaraka saba kuhusu kioo cha ofisi ya walimu kilichovunjika. Alizitunga mwenyewe. Kulikuwa na daftari la mlinzi, barua ya mwanafunzi anayejitetea, taarifa ya fundi wa vioo, na barua ya mkuu wa shule iliyosema ni upepo. Swali likaandikwa ubaoni: nani alivunja kioo?

Darasa likainua mikono. "Mwalimu, waraka wa kwanza unasema kwamba..." Anayefuata: "Mwalimu, waraka wa pili unasema kwamba..." Walipofika waraka wa nne, Mwalimu akapiga meza kwa kiganja.

"Nyaraka ninazo! Nimeziandika mwenyewe! Sitaki mniambie zinasema nini. Wewe, wewe mwenyewe uliyekaa hapo, unasema nini?"

Msichana mmoja wa mstari wa nyuma akasema, "Mimi nasema ni mkuu wa shule."

"Kwa sababu?"

"Kwa sababu yeye peke yake ndiye anayetaja upepo, na barua yake ina tarehe ya siku moja kabla ya kioo kuvunjika."

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Tarehe ile aliitega makusudi, na kwa miaka kadhaa hakuna aliyewahi kuiona. Msichana huyo wa mstari wa nyuma alikuwa binti yake. Shuleni alimwita Mwalimu, nyumbani alimwita Mama, na baba yake alishafariki zamani, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya watu wawili, na mazungumzo ya mezani yalikuwa ya nani kasema, lini, na alikuwa anataka nini aliposema.

Binti alitaka kusomea sheria. Hilo nalo lishikeni. Sheria ilidai alama ya juu katika historia, na kila mtu pale shuleni alijua ataipata.

Kuna jambo lingine Mwalimu alilisisitiza mpaka likawakaa vichwani. Sentensi ya msimamo ianze na "ingawa." Hapo mwanzoni unamkaribisha anayekupinga. Halafu unasema lako. Halafu unatoa sababu. "Na huyo anayekupinga mpe kiti kizuri," alikuwa akisema. "Usimfiche chini ya kitanda. Msahihishaji atainama, atamwona." Kama kuna waraka unaokuumiza, huo ndio wa kuuweka mbele. Mwanafunzi aliyeweka "ingawa" ya bure, isiyomgharimu kitu, alirudishiwa daftari lake bila alama.

Mpaka hapo mnamsifu. Na mimi nilimsifu. Sasa ngojeni.

Darasani juu ya ubao kulikuwa na saa. Watoto walikuwa wanaitazama, kama watoto wote. Jumatatu moja Mwalimu akapanda juu ya kiti, akaishusha, akaifungia kabatini. Msumari ukabaki ukutani. Akawaambia, "Kuanzia leo, kalamu chini mpaka msimamo ukae sawa kichwani. Asiyejua anasema nini asiandike hata neno moja."

Ilikuwa raha, binti anasema. Insha moja waliiandika siku mbili. Walibishana, wakafuta, wakabishana tena. Kazi zilizotoka mle zilikuwa nzuri kiasi kwamba walimu wa shule nyingine walikuja kuziazima. Lakini hakuwahi kuwapima kwa muda wa mtihani. Narudia: mwaka mzima, hata siku moja. Mwalimu wa hesabu alimwonya kwenye ngazi, akamwambia, "Dada, mtihani una kengele."

Akajibiwa, "Mwenye msimamo haogopi kengele."

Ala! Kichwa kigumu ni kichwa kigumu, hata kikiwa na shahada.

Siku ya mtihani ikafika. Wanafunzi wake thelathini na wanane wakaingia ukumbini pamoja na wa shule nyingine. Swali lilikuwa kuhusu reli: je, reli ilijengwa kwa faida ya watu walioijenga? Nyaraka saba. Binti akazisoma, na kama alivyofundishwa akaanza kuzihoji. Huyu mhandisi anamwandikia nani? Hii orodha ya mgao wa chakula imetengenezwa na nani? Mbona waraka wa saba, maneno ya mfanyakazi mzee, unaupinga ule wa daktari? Alikuwa na furaha, anasema, furaha ya kijinga kabisa. Akatunga sentensi kichwani, akaikataa. Akatunga nyingine, ikawa nyepesi. Akatunga ya tatu. Kalamu ilikuwa chini. Kushoto kwake mwenzake naye kalamu iko chini. Watoto wa shule nyingine wanakimbiza karatasi, binadamu amepitia mabadiliko, binadamu amepitia mabadiliko, na wao wametulia.

Msimamizi akasema, "Zimebaki dakika tano."

Binti alidhani amesikia vibaya. Katika insha ya historia hakuwahi kusikia dakika zikitangazwa. Akaichukua kalamu, akaandika, mwandiko mzuri, bila kufuta: "Ingawa reli iliwapa wajenzi wake mshahara na daktari, haikuwa yao, kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa inapaswa kwenda wapi." Akaweka nukta. Akaisoma mara moja kuhakikisha. Kengele ikalia.

Sentensi moja. Nasema tena, wasikilizaji wapendwa, sentensi moja kwa mtihani mzima wa nyaraka. Na hakuwa peke yake. Wanafunzi kumi na mmoja wa Mwalimu Msimamo hawakuvuka ukurasa wa kwanza. Yeye ndiye aliyeandika kidogo kuliko wote.

Aliporudi nyumbani alimkuta mama yake uani anaanua nguo.

"Haya, umeandika nini?"

Akamsomea kwa kichwa. Mama akasimama na shuka mikononi, uso umemng'aa. "Hiyo ni sentensi nzuri sana, mwanangu. Halafu?"

"Ndiyo yote."

"Yote vipi?"

"Ndiyo yote, Mama. Uliniambia nisiandike mpaka niwe na uhakika."

Mama alilikunja lile shuka. Akalikunja tena, likawa dogo kuliko inavyohitajika. Kisha akaingia ndani, na hakusema kitu. Hapo ndipo pa kusema, wasikilizaji wapendwa. Hapo hapo uani. Angesema pale, mimi leo nisingekuwa na hasira hii.

Matokeo yakatoka. Historia ilimwangusha, na sheria ikamponyoka. Mkuu wa shule akampa Mwalimu barua ya onyo, naye akaitia kwenye droo. Jumapili moja akamwambia binti yake, "Utarudia mwakani."

"Nirudie na nani? Na wewe?"

Binti hakurudia. Alitafuta kazi, akaipata ile ya masjala, na yuko pale mpaka leo. Kwa miaka sita aliendelea kuishi na mama yake, kisha akaolewa mtaa wa tatu, na kila Jumapili alikwenda kumwona akiwa na watoto wake wawili. Hawakugombana. Watu wanadhani waliokosana hawasemezani. Hawa walisemezana kila wiki, bei ya sabuni, meno ya watoto, bomba linalovuja. Mara moja tu binti alijaribu.

"Mama, ule mtihani wangu wa historia..."

"Chai yako inapoa," mama akasema.

Binti aliinywa chai. Hakujaribu tena.

Basi Mwalimu akafariki. Siku ya pili ya msiba, viti vimepangwa uani, watu wanaingia na kutoka. Walisema yale ambayo husemwa. Alikuwa mtu wa watu. Ameacha pengo. Binti aliyapokea yote, mkono baada ya mkono, huku akiuliza moyoni, pengo gani? Mtu wa watu gani? Damu haipotei, jamani.

Akaja fundi bomba mmoja, mwanamume wa miaka thelathini hivi, amevua kofia. Alitoa pole, akakaa, akamtazama binti muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha akasema, "Samahani, dada. Wewe ndiye yule wa sentensi moja?"

Binti akamgeukia. "Sentensi ipi?"

Na fundi bomba, mtu asiyemjua kabisa, akaitoa neno kwa neno. Ingawa reli iliwapa wajenzi wake mshahara na daktari. Mpaka mwisho. Hakukosea hata mahali pamoja.

"Umeipata wapi hiyo?"

"Mwalimu alitufundisha. Si sisi tu, kila mwaka. Hakututajia jina, lakini tulihisi ni bintiye." Akaeleza. Siku ya kwanza ya insha ya nyaraka, Mwalimu alikuwa anapanda juu ya kiti, anaishusha saa ukutani, anaishika mkononi. Maana saa ilikuwa imerudi kwenye msumari wake. Anawaambia: "Mwaka mmoja niliiondoa saa hii. Kulikuwa na msichana mwerevu kuliko ninyi wote mkichanganywa pamoja. Nilimfundisha kuwaza, sikumfundisha kuwaza huku kengele inakaribia. Akaandika sentensi moja. Mtaiandika kwenye daftari zenu sasa hivi. Kosa lilikuwa langu, halikuwa lake." Kisha anairudisha saa, anashuka. "Dakika kumi na tano za kusoma. Dakika tano za msimamo. Hata ukiyumba, andika. Ukiona njiani umekosea, rudi juu ukaurekebishe. Nitamsamehe aliyekata mstari. Ukurasa mtupu sitausamehe."

Kosa lilikuwa langu. Neno lenyewe hilo. Lile ambalo binti alilisubiri.

Mnadhani alilia? Hakulia. Aliinuka akaanza uchunguzi. Ni mtoto wa mwalimu yule, waraka mmoja haumtoshi. Alitafuta pale msibani waliosoma miaka mingine, watu wasiojuana. Akampata muuguzi. Akampata muuza viatu. Akapata wengine wawili. Watano jumla, wa miaka mitano tofauti, na kila mmoja alikuwa na ile saa, na kila mmoja alikuwa na ile sentensi. Muuguzi aliisema huku anacheka, akifikiri anampa mfiwa kumbukumbu tamu.

Mwalimu alifundisha miaka kumi na tisa baada ya mtihani ule. Pigeni hesabu, ni watoto zaidi ya mia saba. Binti aliponieleza hapa studio, aligonga meza kwa kiganja, na nadhani mnajua alikojifunza kugonga meza.

"Watoto wa watu mia saba waliambiwa," alisema. "Mimi nililala chumba cha pili miaka sita! Ukuta ule ni mwembamba, nilikuwa nasikia akikohoa. Angekohoa tu neno lenyewe ningelisikia."

Nikasema labda alikuwa anamwomba radhi kwa njia yake.

"Njia yake ilipita wapi? Kwangu haikupita."

Nikamwomba aendelee.

Kesho yake, asubuhi ya mazishi, mjomba wake, mdogo wa marehemu, akamletea karatasi mbili za kuandikia wasifu. Mjomba ni mtu wa utaratibu. Alikwishampangia: kuzaliwa, kusoma, kazi, aliowaacha, shukrani kwa waliofika. Binti akakaa na zile karatasi chumbani kwa mama yake. Gari la kubeba mwili likafika. Mjomba akagonga mlango mara mbili.

Muda wa kusoma wasifu ulipofika, binti akasimama mbele ya kaburi na karatasi moja. Akasoma: "Ingawa mama yangu alilikiri kosa lake mbele ya watoto wa watu kwa miaka kumi na tisa, mimi hakuniambia, kwa sababu mimi peke yangu ndiye ambaye ningeweza kumjibu." Akaikunja karatasi, akarudi kwenye kiti chake.

Watu wakatazamana. Mwingine akaguna. Fundi bomba akainamisha kichwa. Mjomba akamwinamia, akanong'ona kwa ukali, "Huo ndio wasifu, mama?"

"Ndiyo, Mjomba. Ndio wote."

Wasikilizaji wapendwa, nilipoisikia sentensi ile hapa studio nilifurahi. Nakiri. Nikasema moyoni, kipindi kimepata mwisho wake. Ni sentensi kali, ina msimamo, ina sababu, mtu anaweza kuibishia. Nikamsifu. Nikamwambia mama yake angempa alama zote.

Alikuwa anauzungusha waya wa vipokea sauti kwenye kidole. Kisha akasema, "Zima kwanza."

Nikanyoosha mkono nizime mtambo.

"Hapana. Acha uwake." Akavuta pumzi. "Asingenipa hata moja. 'Ingawa' yangu ni ya bure. Nimeweka pale jambo linalonisaidia mimi. Kuna waraka nimeuficha."

Na huu ndio waraka wenyewe, kama alivyousema.

Miaka minane iliyopita, siku ya kliniki, foleni imetoka nje mpaka kwenye ngazi. Binti yuko dirishani kwake, anaita namba, anatafuta mafaili. Akainua macho akamwona mama yake. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa amevaa nguo za kwendea kazini, siku ya shule, saa ambayo alitakiwa awe darasani. Mkononi ana karatasi iliyokunjwa. Kwa miaka yote ya binti pale masjala, mama hakuwahi kukanyaga.

"Mama, kuna nini? Unaumwa?"

"Hapana. Nina neno nataka kukwambia."

Nyuma yake wagonjwa walianza kunung'unika. Mmoja akapaza sauti, huyo mama karuka foleni.

"Na mimi nikamwambia," binti alisema, na hapa sauti yake ikawa ndogo, nikalazimika kumsogezea kipaza sauti, "nikamwambia, 'Mama, watu ni wengi. Chukua namba, usubiri zamu yako.' Nilijua. Sio kwamba nilijua ni nini hasa, lakini mtu hakosi kumjua mama yake. Nilimwona usoni kwamba ni lile jambo. Nikataka asubiri kidogo, kama mimi nilivyosubiri."

Mwalimu akachukua namba. Akakaa kwenye benchi la wagonjwa. Namba yake ilipofika, binti akaita inayofuata. Saa tatu nzima alikaa pale, mkoba mapajani, karatasi juu ya mkoba, akisogea kuwapa nafasi watu wenye watoto. Binti alimwona kila alipoinua macho, na kila alipomwona akainama kwenye mafaili. Saa za kazi zikaisha, dirisha likafungwa. Alipotoka nje, benchi lilikuwa tupu. Jumapili ile alikwenda kama kawaida. Wakaongea habari za bomba linalovuja.

Nikamuuliza, ile karatasi je?

"Nimeitafuta nyumba nzima. Droo, vitabu, chini ya godoro. Haipo. Kwa hiyo sijui, na usiniwekee maneno mdomoni redioni ukasema najua."

Siyaweki, dada. Nimesema ulichosema.

Aliomba kipande cha karatasi. Sikuwa na nyingine, nikamwokotea nusu ya ule ukurasa wangu niliouchana, akaandika mgongoni mwake. Aliandika, akasimama. Akatazama saa ya studio, ile kubwa iliyoko juu ya kioo, kwa sababu zamu yake ya mchana ilikuwa inaanza. Kisha akaniachia karatasi na kuchukua mkoba wake. Ninayo hapa mbele yangu. Inasema: "Ingawa mama alikuja dirishani kwangu, akakaa kwenye benchi saa tatu, na mimi nikamwambia asubiri zamu yake," halafu kuna mkato. Baada ya mkato hakuna kitu.

Nikamwambia, "Hujamaliza."

"Najua," akasema akiwa mlangoni. "Lakini nimeanza. Nitarudi juu niirekebishe." Akaenda kazini.

Kwa niaba ya wote hapa kituoni, natoa pole kwa binti wa marehemu na watoto wake wawili. Pole kwa mjomba, ambaye ameniomba niseme kwamba wasifu kamili, wenye tarehe zote, anao, na anayeutaka amfuate. Pole kwa wanafunzi wa miaka thelathini na sita, na zaidi kwa wale kumi na mmoja walioketi ukumbini na kalamu chini kwa sababu walimwamini mwalimu wao. Apumzike kwa amani. Hasira yangu haijaisha, na sitawadanganya kwamba imeisha.

Nanyi mliobaki, naomba mtafakari jambo moja tu. Yupo mtu unayemdai neno, au yupo anayekudai. Huenda umelieleza kwa kila mtu kazini isipokuwa yeye. Huenda yeye amekaa kwenye benchi lako sasa hivi na wewe unaita namba nyingine. Kama yuko chumba cha pili, inuka uende, hata kama hujui utaanzaje. Redio iache ikiwaka.